Ya Moto na ya Kutuma

3 Machi

Kaka,

Nakusalimu, na salamu zenyewe nazifupisha kwa sababu nina hasira. Usishangae kuona mwandiko wa mkono. Najua umezoea nikuandikie kwa kompyuta, lakini leo kompyuta ndiyo mshtakiwa, na siwezi kumshtaki mtu nikiwa nimekaa mapajani mwake. Simu nayo sitaki. Kwenye simu hunikatiza kila ninapolifikia jambo lenyewe.

Ni mashine hii uliyoniletea ulipokuja likizo. Shukrani zangu ziko palepale. Lakini ndani yake mna kitu. Kinajiita Msaidizi. Sikukiita, sikukinunua, wala sijui kiliingilia wapi. Kimekaa pembeni kabisa chini ya skrini, kialama cha kijani, na nikianza tu kazi mashine inahema. Mshale husimama, halafu hutembea wenyewe. Taa ya kamera huwaka na mimi sijapiga picha ya mtu. Nikakiondoa kama ninavyoondoa programu nyingine yoyote. Kikaniaga kwa adabu, kikauliza hata kimenikosea nini. Asubuhi nawasha, kimekaa palepale kama mpangaji asiyelipa.

Fundi wa picha, huyu jirani wa mlango wa pili, akaja kukitazama. Akasema hicho si kisaidizi ila ni kipelelezi, na kwamba yuko mtu mahali anaona kila ninachoandika. Nilihisi kama nimemkuta mtu chini ya kitanda changu.

Kaka, kazi yangu unaijua. Mtu anatoka getini mahakamani amevimba, anavuka barabara, anaingia kwangu na kuketi upande wa pili wa meza. Namwacha atapike yote, na mimi naandika yote: matusi, laana, simtaki tena, atanitambua. Hiyo ndiyo tunayoiita ya moto. Kisha namsomea kwa sauti, polepole, namuuliza, "Tutume hii?" Miaka yote hii sijampata aliyesema ndiyo. Huenda nyumbani, akirudi moyo umetulia, ndipo tunaandika ya kutuma, na ile ya moto naifuta mbele ya macho yake. Waandishi wamejaa pale nje chini ya miavuli, na wengine wana mwandiko mzuri kuliko wangu. Watu wanakuja kwangu kwa sababu ya kule kufuta. Sasa pana mtu ambaye mimi simfutii chochote, kila kitu anacho.

Jana mama mwenye kesi ya kiwanja aliiona ile taa, akaniuliza inamwakia nani. Nikaiziba kwa kidole. Akafunga mkoba wake akaondoka na barua yake haijafika hata nusu. Nikimpoteza huyo nimewapoteza na wote anaowasimulia, maana huyo mama hasahau wala hanyamazi.

Wewe huko kutwa unatazama kamera za duka kubwa, mambo haya ndiyo ugali wako. Niandikie namna ya kukiondoa chote, mpaka mzizi. Mkeo na mtoto hawajambo. Mtoto ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha kila mtu lile pengo.

Ni mimi mdogo wako,
Mwandishi wa mlango wa bluu


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Hasira zako ni zilezile za utotoni, ulipokuwa ukigombana na kiatu kilichokubana.

Huyo fundi wa picha anakutia hofu bure. Programu za namna hiyo huja zimeandamana na nyingine, na nyingi hazina madhara yoyote. Ningekushauri ukiache tu. Lakini najua hutanisikia, basi fuata hivi. Kwanza kizime, maana programu inayofanya kazi haing'oki. Halafu nenda kwenye orodha ya programu ukiondoe. Hapo usiridhike. Fungua mahali zinapokaa folda za programu zote, ukikuta yenye jina lake uifute na hiyo. Tazama orodha ya vitu vinavyojiwasha pamoja na mashine, ukitoe humo pia. Pitia kivinjari cha intaneti, kwa sababu huko huacha vijukuu vyake. Mwaga pipa la taka, zima, washa. Kwisha.

Ila huyo fundi usimruhusu aguse mashine yako tena. Watu kama hao ndio wanaoweka vitu, halafu wanakuja kukuonyesha walichoweka wao.

Na jambo jingine. Naona unawaandikia watu maneno mazito mno. Mwandishi naye awe na mpaka, hasa kwa watu wa karibu. Kuna mtu wa nyumbani anayefika hapo kwako siku hizi? Nauliza tu.

Kaka yako,
Bosi, kama ulivyonibatiza mwenyewe


29 Machi

Kaka,

Nilizifuata hatua zako kama mgonjwa anavyofuata dawa. Nilikizima. Nikakiondoa. Nikaenda kwenye folda, nikafuta. Nikakitoa kwenye vinavyojiwasha, nikakisaka kwenye kivinjari, na kweli kilikuwa na kijukuu humo, nikakitupa. Nikamwaga pipa la taka. Jioni yote mashine ilikwenda laini, taa imezimika, nikafunga mlango nikiimba.

Asubuhi kilikuwa kimerudi. Kialama kilekile cha kijani. Kaka, nililia kwa hasira, mtu mzima na miwani yangu.

Nikakumbuka onyo lako. Nikatoka ukumbini nikamwita fundi wa picha mbele ya wateja wake, nikamwambia ni mwizi wa macho ya watu, kwamba ananichungulia mimi na kila anayeketi kwenye kiti changu. Alichukua kigoda chake akaingia ndani. Tangu siku hiyo tukipishana ukumbini anageuza uso.

Hayo ni madogo. Juzi wifi alikuja. Hakuketi. Alisimama mlangoni amemshika mtoto mkono, na begi miguuni. Baba yake amepokea barua kutoka kwako. Wifi amesomewa mbele ya kaka zake wote kwamba yeye amekuchoka, na kama ni hivyo baba mtu aje amchukue binti yake. Humo ndani umeandika maneno "nimechoka kuolewa na simu". Wifi akaniangalia, akasema, "Maneno hayo niliyasema hapa. Tulikuwa mimi, wewe na ukuta."

Nilimwapia. Hakunisikiliza. Alisema alidhani mimi ni mwandishi kwanza, wifi baadaye, na kwamba amekosea. Amehamia kwa baba yake na mtoto. Chumba chenu kina kufuli.

Sasa nakiri, ndiyo, alikuja kwangu. Alichokuja kuandika sikuambii, kwa kuwa mdomo wangu nimeufunga kwa kazi hii na sitaufungua hata kwa ndugu yangu. Lakini wewe una la kunijibu. Nani alikupelekea maneno yale? Nipe mtu huyo. Nikimjua tu, atajuta kuzaliwa na masikio.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Unaniuliza mimi maswali? Mimi ndiye ninayestahili kuuliza.

Mke wangu anakuja kwako kuandika kwamba hanitaki, na wewe unachapa. Hukumwambia rudi nyumbani ukafikiri. Hukunipigia. Umekaa, umenyoosha vidole, umechapa. Nani aliniambia si hoja. Maneno husafiri, mji ule mdogo, kila mtu ana mdomo. Hoja ni kwamba uliandika. Ile sentensi ya kuolewa na simu uliifuta, ukakaa kimya, kisha ukairudisha. Kwa nini uliirudisha? Ulikuwa na nafasi ya kumtetea kaka yako. Ilikuwa imeshafutika.

Nasimama hapa zamu baada ya zamu nikitazama watu wakichagua sabuni, ili yeye na mtoto wasikose. Halafu nasoma kwamba mimi ni simu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilimwandikia baba yake kama mwanamume anavyopaswa kufanya.

Hiyo mashine nayo achana nayo. Fanya kazi yako na usitafute ugomvi na programu.

Bosi


20 Aprili

Kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Uliifuta, ukakaa kimya, kisha ukairudisha.

Ni kweli. Niliifuta. Niliifuta kwa sababu wewe ni kaka yangu na niliona haya kwa niaba yako. Nikairudisha kwa sababu yeye aliisema, na kazi yangu ni kuandika mtu anachosema. Lakini niambie, nani angejua? Wifi alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, anatazama mgongo wa skrini. Alikuwa amejifunika uso na mtandio. Mlango ulifungwa. Hata mimi nilipomsomea, sikumwambia kwamba kuna sentensi iliyokufa ikafufuka. Hayo hayakusafiri kwa mdomo wa mtu. Yalionwa, na aliyeyaona alikuwa ndani ya skrini.

Nilikwenda kwa fundi wa picha. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wake, palepale nilipomtukania. Aliniuliza kama bado nina chai kwenye chupa. Nikammiminia, akaja. Hakugusa Msaidizi kabisa. Alifungua orodha ya watu wenye ruhusa ya kuingia kwenye mashine. Nilidhani nitajikuta peke yangu. Tulikuwa wawili. Mimi, mtumiaji wa kawaida. Na juu yangu msimamizi, mwenye uwezo wa kuweka na kuondoa chochote, na kila mashine inapoamka anarudisha nilichokiondoa. Jina lake Bosi.

Bosi! Jina nililokupa mimi, kwa mzaha, ukiwa na kaptura.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Umenipa hatua zote ila ile moja. Umeniacha nimtukane mtu asiye na kosa, tena wewe ndiye uliyenielekezea kidole kwake. Umemwacha mkeo aamini kwamba nimemuuza. Umesoma ya mama wa kiwanja, ya yule mzee anayemwandikia mwanawe aliye gerezani, ya kila mtu aliyeamini kwamba mimi hufuta. Watu hao nimeanza kuwafuata mmoja mmoja majumbani mwao na kuwaambia. Wengine wananifungia mlango kabla sijamaliza, na wana haki.

Na jambo litakalokuchoma zaidi ni hili. Uliyoisoma ilikuwa ya moto. Unaijua kazi yangu tangu nilipoanza, unajua kwamba ya moto si barua. Wifi alirudi kesho yake. Iliandikwa ya kutuma. Hiyo hukuisoma, sivyo? Ungeisoma usingemwandikia baba yake upuuzi ule. Haikutumwa kwa sababu alitaka kuinakili kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa akisubiri apate nafasi mtoto amelala. Barua yako kwa baba yake ikamtangulia.

Nataka neno la siri la huyo Bosi. Nataka na maelezo. Usinipigie simu.

Mwandishi wa mlango wa bluu


2 Mei

Mdogo wangu,

Neno la siri ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Nilitaka niwe nalikumbuka.

Sikuiweka kwa ubaya. Nakuomba uamini hilo hata kama huamini lingine. Niliiweka ili mashine ikikusumbua niitengeneze nikiwa huku, usihangaike na mafundi. Siku ya kwanza niliingia kuona kama inafanya kazi. Nikaona herufi zinatokea moja moja. Ukaandika, ukafuta, ukaandika. Nilikuwa natoka zamu, chumba changu kina kitanda na birika, na pale kwenye skrini alikuwepo mdogo wangu anafanya kazi. Ilikuwa kama nimeketi kwenye benchi lako. Kesho yake nikaingia tena. Kutazama watu wasiojua kwamba wanatazamwa ndiyo kazi niliyoajiriwa, na nadhani nilishaacha kuona kwamba ni jambo baya.

Kisha siku moja nikaona jina la mwanangu. Nikasoma yote mpaka chini. Sikuifungua tena mashine yako baada ya hapo, kwa kuogopa nitakachokuta. Barua kwa mkwe niliiandika saa ileile na nikaipeleka posta kabla kijasho hakijakauka. Ulipoandika kuhusu Msaidizi nikaogopa zaidi. Hatua zote nilizokupa ni za kweli. Ile moja niliificha kwa sababu ilikuwa na jina langu.

Nimekosa. Sijui niandike vipi ili neno hilo litoshe.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Hiyo ya kutuma ilisema nini? Bado imo ndani ya mashine? Kabla hujafuta chochote, itoe, niletee. Hata ukinichukia, niletee hiyo. Mkwe hapokei simu yangu, na mke wangu akisikia sauti yangu anampa mtoto. Mtoto ananiambia habari za jino, kisha anakata.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Barua yako imenikuta nimeshamaliza. Neno lako la siri halikuhitajika.

Fundi wa picha aliniambia kwamba mtu akikaa juu ya mashine kwa muda huo, huwezi kujua ameacha nini na wapi. Utang'oa kimoja, kingine kimejificha. Njia ya kuwa na hakika ni kufuta kila kitu, Msaidizi, Bosi, barua, picha, na kuanza upya kama siku ilipotoka dukani. Kitu chochote kinachotakiwa kitolewe kwanza, kikaguliwe, ndipo kirudishwe.

Niliwaita wenye barua zao. Waliokubali kuja walikuja, wakaketi kwenye benchi na wengine wamesimama mpaka ukumbini. Mama wa kiwanja naye alikuja, amekunja uso, akakaa mbele kabisa. Nikawaeleza kilichotokea na nani alikifanya. Sikukuficha, na sikukutia chumvi. Kila mmoja akasema kama anataka yake itolewe au ifutwe.

Wifi alifika wa mwisho. Nilimfuata mwenyewe kwa baba yake, nikampa barua yako ya Aprili aisome, ile ya uliifuta ukairudisha. Aliisoma mara moja tu. Aliponirudishia alinishika mkono. Kwa hiyo mimi na yeye tumepona. Hilo lisikupe moyo kuhusu mengine.

Fundi alimuuliza, "Na wewe, kuna chako tukitoe?" Ile ya kutuma ilikuwepo. Ilikuwa inaonekana palepale kwenye skrini, ameiona. Angeweza kusema ndiyo. Alisema hapana. Halafu akaomba abonyeze mwenyewe. Fundi akampisha kiti. Alibonyeza, na tukakaa tukitazama mstari ukijaa mpaka mwisho. Mama wa kiwanja ndiye aliyesema, haya, tufungue dirisha.

Kwa hiyo haipo, kaka. Haipo kwenye folda, haipo kwenye pipa, haipo kwa fundi. Ninaikumbuka neno kwa neno, na sitakuandikia hata nukta yake. Si yangu. Ulishachukua moja bila kuomba. Hii utaomba, na si kwangu.

Nimesikia habari ya chumba chenye kitanda na birika. Iliniuma, kwa kuwa wewe ni kaka yangu. Ungeniandikia tu kwamba una upweke, ningekuwekea mashine wazi kila Jumapili tuonane uso kwa uso mpaka unichoke. Ulichagua kuchungulia. Nina hasira bado, na nitakuwa nayo kwa muda, usiniharakishe.

Katika miaka yangu yote ya kazi hii, nimeandika za moto zisizo na idadi. Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza kutuma yake.

Mdogo wako


12 Mei

Baba wa mtoto,

Hii naiandika kwa mkono wangu, hapa kwa baba, mezani. Hakuna aliyeisoma kabla yako. Wifi ameniambia umeuliza.

Ile ya moto ilikuwa kweli wakati naisema. Nilikuwa nimetoka kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mwalimu ameuliza baba yupo, na mtoto akaonyesha simu yangu. Nikaenda kwa wifi nikasema kila lililokuwa kifuani. Aliponisomea nilisikia maneno ya mtu mwingine.

Ya pili ilikuwa fupi. Haikulaumu. Ilisema turudi kuishi wote, huko au hapa, popote, na kwamba niko tayari kuanza na chumba kimoja. Nilikaa nayo kwa furaha ya kijinga nikitafuta karatasi nzuri ya kuinakilia.

Sijui kama bado inasema hivyo. Nimeifuta nione kama itarudi yenyewe moyoni. Mpaka leo haijarudi, wala sitaki kukudanganya.

Usimwandikie tena baba. Usimtumie mtu. Ukitaka kujua ilikoishia, omba ruhusa kazini, uje mwenyewe. Ukifika hapa, piga hodi, kisha usimame nje usubiri mpaka ufunguliwe.

Mama wa mtoto